Barua ya wazi kwa wakuu wa kumbi za maigizo: watazamaji mnawahesabu, lini mtawasikiliza?

Kwenu wakurugenzi wa kumbi, waandaaji wa matamasha, wajumbe wa bodi na nyie wote mnaogawa ruzuku za sanaa, salaam sana.

Mimi ni steji meneja. Ni yule mtu ambaye kwenye picha za uzinduzi haonekani, anakaa pembeni na vifaa vya masikioni, skripti iko mbele yake, anaita taa, anaita sauti, anaita watu waingie jukwaani. Kazi hii ina kitu kimoja ambacho hata dairekta hana, kwamba sisi tupo kila usiku. Dairekta shoo ikishazinduliwa anaenda kwenye kazi nyingine, mwandishi yuko kwake, mkosoaji anakuja mara moja basi, na nyie wakuu mara nyingi mnakuja ule usiku wa wageni rasmi. Sisi tunausikia ukumbi kuanzia usiku wa kwanza mpaka wa mwisho, na kwa sababu hiyo naomba mnisikilize kidogo, maana ninachotaka kusema nimekiona kwenye kumbi ndogo na kubwa na sijaona mtu akikileta mezani kwenu: namna watu wanavyoipokea kazi ni sehemu ya ufundi wa kazi yenyewe, na nyie mmeipeleka idara ya mauzo.

Chukueni tu ile fomu mnayowapa watazamaji wakitoka. Inauliza ulisikia wapi habari za shoo, ulinunua tiketi kwa njia gani, viti vilikuwaje, vyoo vilikuwaje, je utamshauri rafiki yako aje. Sawa, hayo yote mnayahitaji na mfadhili anayataka. Lakini hakuna hata swali moja linalohusu kile kilichotokea jukwaani. Hakuna anayemuuliza mtu ni wapi ulipotea, ni mhusika gani hukuelewa kwanini alifanya alichofanya, maneno gani hukuyasikia kabisa, ulidhani ile barua ilitoka kwa nani. Na hata hayo majibu machache yanayopatikana yanaenda moja kwa moja kwenye ripoti ya mwaka, dairekta hayaoni, waigizaji hawayaoni, yanageuka asilimia na grafu halafu yamekwisha.

Sasa tuangalie upande wa ufundi. Mnajua tunavyofanya mazoezi, wiki kadhaa ndani ya chumba, sakafu imebandikwa tepu kuonyesha mlango uko hapa na ngazi iko pale, na wanaocheka ni dairekta na msaidizi wake ambao kichekesho chenyewe wameshakisikia mpaka hakiwachekeshi tena, wanacheka kwa heshima tu. Halafu tunahamia ukumbini, siku mbili tatu za kuweka taa na sauti, ukumbi mtupu. Ukumbi mtupu unadanganya. Miili ya watu na nguo zao zinanyonya sauti, kwahiyo mwigizaji aliyepima sauti yake kwenye ukumbi usio na watu anajikuta usiku wa kwanza anaongea kwenye chumba kingine kabisa, ule mwangwi uliokuwa unambeba haupo, silabi za mwisho zinaanguka, na aliyekaa nyuma anapata nusu sentensi. Huyo mtazamaji hatalalamika, atasema tu hadithi ilikuwa ngumu kidogo.

Na kicheko je? Mwigizaji mzoefu atawaambia kicheko kina umbo lake, kinapanda, kinafika juu, kinaanza kushuka, na mstari unaofuata unatakiwa uingie pale kinaposhuka. Ukiwahi, mstari umezama na hakuna aliyeusikia, ukisubiri mpaka kimya kabisa, nguvu ya tukio imeshakufa na unaanza upya kuwasha moto. Hili halifundishiki kwenye chumba chenye watu watatu, linajifunzwa mbele ya watu wageni, tena wengi, tena zaidi ya mara moja. Hivyohivyo kimya. Kuna kimya cha watu walioshika pumzi na kuna kimya cha watu waliochoka, na tofauti yake kubwa ni kukohoa. Watu waliozama kwenye hadithi hawakohoi, wanasubiri, halafu tukio likiisha unasikia ukumbi mzima unakohoa kwa pamoja. Wakianza kukohoa katikati ya tukio, mmojammoja, huku na kule, jua kuna kitu kwenye ule mstari au ile hatua hakijakaa sawa. Steji meneja yeyote anajua hili, na siku hizi sijawahi kusikia likijadiliwa kwenye kikao chochote cha kutathmini kazi.

Ndio maana maonyesho ya majaribio, yale ya mbele ya watu kabla ya uzinduzi rasmi, ni ya lazima, na ndio kitu cha kwanza mnachokata bajeti ikibana. Kumbi nyingi zimebaki na usiku mmoja wa majaribio, nyingine hazina kabisa, usiku wa kwanza mbele ya watu ndio huohuo usiku wa wakosoaji, na ukumbi umejazwa tiketi za bure kwa ndugu na marafiki wa waigizaji na wageni wa mdhamini, watu ambao watapiga makofi hata taa zikigoma. Kutokana na usiku huo mmoja ndio kazi inapata jina zuri au baya mpaka mwisho.

Historia ishatuonyesha usiku wa kwanza ni shahidi wa namna gani. Oktoba 1896 kule St Petersburg, ukumbi wa Alexandrinsky, tamthilia ya mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov, The Seagull, ilizinduliwa kwa mazoezi machache sana, na usiku wenyewe ulikuwa wa kumuenzi mwigizaji mmoja maarufu wa vichekesho, kwahiyo watu wengi wamekuja wakitegemea kucheka. Wakapewa kitu kingine kabisa. Walizomea, walicheka pasipo mahali pa kucheka, Chekhov akaondoka mjini. Lakini siku chache baadaye ikachezwa tena, waigizaji walewale, watu waliokuja safari hii wamekuja kuona tamthilia hiyo hasa, na ikapokelewa vizuri sana. Mwandishi hakuwepo kuona. Miaka miwili baadaye, Desemba 1898, madairekta Stanislavski na Nemirovich-Danchenko wakaiweka jukwaani Moscow kwa mazoezi ya kina na ikawa ushindi unaotajwa mpaka leo. Watu wakisimulia habari hii wanaruka kutoka kuzomewa mpaka ushindi wa Moscow, ule usiku wa pili wanausahau, wakati kwangu mimi ndio wenye somo kubwa kuliko yote, kwa sababu kilichobadilika kwa kiasi kikubwa pale kilikuwa ni ukumbi. Sasa niambieni, kwenye utaratibu wenu wa leo huo usiku wa pili nani angeuandika?

Ngoja nijibu mwenyewe, angeuandika steji meneja. Kila shoo ikiisha tunaandika ripoti: tumeanza saa ngapi, sehemu ya kwanza imechukua dakika ngapi, ya pili ngapi, taa gani imechelewa, nani kajikwaa, ukumbi ulikuwaje, walicheka wapi, walitoka wapi. Ripoti hii inatumwa usiku huohuo kwa watu kibao, na wanachosoma wengi ni kama kuna kitu kimeharibika kinahitaji fundi. Lakini zile dakika zinaongea jamani! Shoo ikianza kurefuka, leo dakika moja, wiki ijayo tatu, skripti haijaongezwa hata neno, maana yake waigizaji wameanza kuzipenda pause zao, yaani vile vituo vya kimya katikati ya maneno, kila mtu ananyoosha kidogo pale anapojisikia vizuri, na hadithi inaanza kulegea. Ikifupika ghafla maana yake wamechoka na wanakimbiza. Kuna shoo moja niliisimamia, ukumbi siutaji, tukio la pili lilikuwa linaongezeka wiki hadi wiki na pale pale ndipo watu walianza kukohoa na wengine kuchungulia simu, nikaandika kwenye ripoti kila mara, nikataja mpaka ukurasa wa skripti. Jibu nililopata kutoka ofisini ni kwamba tiketi zinauzika vizuri kwahiyo hakuna shida. Waigizaji wenyewe walikuwa wanahisi kuna kitu kinawateleza na walikuwa wanatamani mtu wa nje aje akae awaambie, ila mkataba wa dairekta uliisha siku ya uzinduzi na hakukuwa na fungu la kumrudisha hata kwa mchana mmoja.

Hapa ndio ombi langu kubwa lilipo. Wekeni kwenye bajeti mchana mmoja wa mazoezi ya kulipwa, dairekta akiwepo, tuseme wiki ya tatu ya maonyesho, na kabla ya siku hiyo asome ripoti zote za shoo na aje akae ukumbini usiku mmoja katikati ya watu, asikae kwenye kiti chake kile cha katikati alichokizoea wakati wa mazoezi. Akae kile cha bei ya chini kabisa, pembeni, nyuma ya nguzo kama nguzo ipo. Maana shoo nyingi zinatengenezwa kwa jicho la kiti kimoja tu, cha katikati, na aliyenunua cha pembeni anaona migongo na nusu ya mlango.

Kuna swali jingine ambalo naona tumeacha kuliuliza kwa sababu jibu lake limekuwa mazoea, nalo ni giza. Nani aliamua kwamba watazamaji lazima wakae gizani? Wagiriki wa kale walicheza mchana kweupe, kumbi za wazi za enzi za Shakespeare zilichezewa mchana pia, mwigizaji anaona sura za watu na watu wanaonana wenyewe kwa wenyewe. Hata kumbi za ndani kwa muda mrefu zilikuwa na mishumaa na baadaye gesi upande wa watazamaji. Ule ukumbi wa mtunzi wa opera Richard Wagner uliofunguliwa Bayreuth, Ujerumani, 1876 ndio unaotajwa sana kwa kuwazimia watu taa ili macho yote yaende jukwaani, na umeme ulipoenea jambo likawa rahisi kila mahali. Sisemi giza ni baya, kuna kazi ambazo bila giza hazifanyiki. Ninachosema ni kwamba giza ni uamuzi wa kifundi unaobadilisha jinsi mtu anavyopokea, ukiwa gizani uko peke yako, ukiona uso wa jirani yako unacheka na wewe unacheka, na uamuzi mkubwa kama huo sasa hivi unafanywa na swichi ya mazoea. Mkiwa mnapitia mpango wa kazi mpya ulizeni tu, taa za ukumbi zitakuwaje na kwanini. Mara nyingi mtakuta hakuna aliyefikiria.

Na kuna ahadi mnazotoa kwenye matangazo. Hilo nalo ni sehemu ya mapokezi, na linafanywa na watu ambao mara nyingi hawajakaa mazoezini hata saa moja. Januari 1956 kule Miami, Waiting for Godot ya Samuel Beckett, tamthilia ya watu wawili wanaomsubiri mtu asiyekuja, ilitangazwa kama kichekesho kikubwa, watu wakaja kucheka, na wengi wakaondoka wakati wa mapumziko. Novemba 1957 kundi jingine la San Francisco, chini ya dairekta Herbert Blau, likaipeleka gereza la San Quentin mbele ya wafungwa kama 1,400, watu ambao wengi hawakuwa na mazoea na maigizo kabisa, na waliifuatilia mpaka mwisho kwa sababu mambo ya kusubiri hayahitaji kuelezewa kwa mtu aliyefungwa. Mfungwa mmoja, Rick Cluchey, hakuruhusiwa kutoka seli, akaisikia kupitia spika za gereza, na baadaye akawa mwigizaji na akafanya kazi na Beckett mwenyewe. Wataalamu wengi wangesema hadhira ya Miami ndio iliyoelimika na ya San Quentin ingeshindwa. Kwahiyo mkisema kwenye vikao vyenu kwamba kazi fulani ni nzito, watu wetu hawataielewa, mna uhakika gani? Mmewauliza akina nani? Au tangazo liliahidi kitu ambacho hakikuwepo?

Najua mtasema, ukianza kusikiliza hadhira basi hadhira ndio itaandika tamthilia, sanaa itageuka kura. Hofu hiyo naielewa na naiheshimu, ila kusikiliza na kutii ni vitu viwili. Mwaka 1907 Dublin, ukumbi wa Abbey ulipoonyesha The Playboy of the Western World ya J. M. Synge watu walifanya fujo wiki nzima mpaka polisi wakaingia ukumbini. Ukumbi haukuiondoa ile kazi. Lakini W. B. Yeats, mshairi na mmoja wa wakurugenzi wa ukumbi huo, hakukaa ofisini akisema hawa hawajui sanaa, aliitisha mjadala wa wazi palepale ukumbini mwezi Februari, akasimama mbele ya watu wenye hasira na kubishana nao. Aliwasikia na hakuwatii. Na kuna upande wa pili, mwaka 1977 Kenya, pale Kamiriithu, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walifanya mazoezi ya tamthilia yao hadharani, wanakijiji wakawa wanakuja, wanasahihisha lugha, wanasahihisha nyimbo, mtu anayefanya kazi kiwandani anasema hapana sisi hatufanyi hivyo, tunafanya hivi. Kazi haikudhoofika, ilipata nguvu mpaka serikali ikafuta kibali chake mwaka huohuo. Huko Japani nako kwenye kabuki, maigizo yao ya jadi, kuna watazamaji wanaopaza sauti kulitaja jina la nyumba ya mwigizaji, yaani ukoo wake wa kisanii, kwa wakati maalum kabisa, sekunde moja mapema au moja baadaye ni kosa, na waigizaji wanazitegemea zile sauti. Yaani ufundi wa kupokea upo, una watu wake waliojifunza, sio kitu nilichokiota mimi.

Yale mazungumzo ya baada ya shoo mnayoyafanya sasa, samahani nikisema wazi, hayasaidii. Mwongoza mazungumzo anawasifu waigizaji dakika kumi, mtu anauliza mnakariri vipi maneno mengi hivyo, mwingine anatoa hotuba yake, muda umekwisha. Geuzeni. Wasanii ndio waulize. Mwanadensi wa Marekani Liz Lerman alitengeneza utaratibu wake kuanzia 1990 na unatumika sehemu nyingi: kwanza watu wanasema ni kitu gani kiliwagusa au kilibaki nao, halafu msanii anauliza maswali yake mwenyewe, halafu watu wanauliza maswali yasiyobeba hukumu ndani, na maoni yanakuja mwisho tena kwa ruhusa ya msanii. Nimekaa kwenye vikao vya namna hiyo na mwigizaji akigundua kwamba nusu ya ukumbi walidhani mhusika wake anadanganya wakati yeye anacheza ukweli mtupu, huo ni msaada ambao hakuna uchambuzi wa gazeti utakaompa, na kesho yake analirekebisha kwa kugeuza kichwa tu.

Siwezi kumaliza bila kuwataja wanaofuatilia kwa lugha ya alama. Mkalimani analetwa wiki ya mwisho, anawekwa kona ya mbali ya jukwaa, na mtazamaji kiziwi analazimika kuchagua, amwangalie mkalimani au amwangalie mwigizaji, akifuata maneno anakosa uso, akifuata uso anakosa maneno. Hapo mnasema tumefanya shoo jumuishi. Mkalimani akiwepo mazoezini tangu mwanzo dairekta anaweza kumpanga ndani ya tukio, karibu na anayeongea, akiwa na taa yake na nafasi yake, na mimi kwenye skripti yangu nitakuwa na mstari unaosema yuko wapi kila ukurasa. Gharama yake ni wiki za mazoezi za mtu mmoja. Maandishi ya juu ya jukwaa, yale yanayoonyesha maneno ya waigizaji, nayo ni hivyohivyo, anayebonyeza akitangulia sekunde mbili ameshaua kichekesho, watu wanacheka kabla mwigizaji hajafungua mdomo, kwahiyo huyo mtu ni sehemu ya waigizaji na anatakiwa alipwe akae mazoezini.

Ninachoomba hakihitaji jengo jipya. Usiku mitatu ya majaribio kabla wakosoaji hawajaitwa, na viti vijazwe na watu wasiotujua. Mchana mmoja wa wiki ya tatu. Mtu mmoja ndani ya ofisi zenu ambaye kazi yake iwe kusoma ripoti za shoo kila asubuhi na kumpigia dairekta dakika zikianza kucheza. Maswali matatu mapya kwenye fomu, yaandikwe na dairekta na mwandishi, na majibu yarudi kwao kabla ya kwenda popote pengine. Na nyie wenyewe mje usiku wa kawaida, Jumatano ya mvua, nusu ya viti vitupu, bila kutuambia.

Kama kuna ukumbi utakaokubali kujaribu msimu mmoja nitakuja kukaa na steji meneja wenu nimuonyeshe ninavyoziandika hizo ripoti, ninavyopima kila tukio na ninavyoweka alama za kukohoa pembeni ya skripti. Bajeti za msimu ujao najua zinapangwa miezi hii, kwahiyo jibu naliomba kabla hazijafungwa, na hata kama ni hapana tafadhali mseme kwanini.

Wenu, steji meneja.